Miaka Miwili ya Twiga

Huku kwetu mtu akistaafu hupewa blanketi, jembe jipya na hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili, na sikupewa hata kikombe cha chai. Kwa hiyo hotuba nitaitoa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna wa kunikatiza, nitachukua nafasi yangu. Nawaandikia nyinyi wadogo mnaoinyemelea kazi yangu, hasa wewe Kerubo, binti wa shangazi, maana nimesikia umeanza kumzunguka babu ukimwomba msumari wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora mapambo kwenye sahani za mawe. Boma letu liko ng'ambo ya Suneka, upande ambao mtu akichimba choo anakutana na jiwe laini kabla hajachoka. Wanaume hulichonga, wanawake hulisugua ndani ya karai la maji, kisha sahani hupakwa rangi nyeusi, na mwenye mkono mzuri huikwaruza rangi ile kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe utokeze kama mchoro, ndipo sahani irudi karaini kuoshwa vumbi. Mwenye mkono mzuri nilikuwa mimi. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwepo. Nilianza kama mchoraji na nimemaliza kama mchoraji, ila mwishoni Shangazi Kemunto aliniongezea cheo cha mjinga.

Kabla haijawa kazi ilikuwa raha. Mwaka wa sabini na moja nilikuwa darasa la nne, na kurasa za nyuma za daftari langu la hesabu zilikuwa zimejaa kuliko za mbele. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na bikari, nami nikamwibia kila jioni. Unaweka ncha katikati, unazungusha duara. Bila kubadilisha upana, unaweka ncha popote ukingoni, unazungusha tena, unahamia pale mstari ulipokata, unaendelea hivyo hivyo. Ukifika mwisho una ua la petali sita ambalo hukulifikiria, limejitokeza lenyewe. Siku ya kwanza nilidhani nimegundua mimi. Mwalimu wa hesabu alinichapa viboko viwili kwa kuharibu daftari, kisha akaligeuza daftari juu chini mara mbili, nikajua amependa.

Nilichora kila siku. Nilichora kwa makaa kwenye jani la mgomba, kwa kijiti kwenye vumbi, kwa kidole kwenye unga wa wimbi uliomwagika. Siku ya Sabato mchana, tukitoka kanisani, mama alikuwa akinikataza. Alisema kuchora ni kazi, na kazi siku hiyo ni dhambi. Nilimuuliza ni kazi gani hii ambayo mtu halipwi wala hashukuriwi. Akasema hiyo ndiyo kazi ya wanawake, nikanawe mikono.

Aliyeniajiri ni Sokoro, ndivyo tunavyomwita babu kwa lugha ya nyumbani. Yeye alikuwa mchongaji na mchoraji tangu siku nyingi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Panga na patasi havijali mkono unaotetemeka. Unapiga, kipande kinaanguka, mambo yanaendelea. Msumari unajali. Mistari yake ilikuwa imeanza kutembea kama mlevi anayetoka Nyakoe siku ya soko, na hakutaka mtu nje ya boma ajue.

Kitu kimoja lazima mkielewe kuhusu Sokoro na mimi. Nimepewa jina la mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo tangu nikiwa mtoto wa kutambaa aliniita Mama, nami nilipojua kuongea nikaanza kumtuma. Nilikuwa namwambia, "Mwanangu, umenawa miguu?" naye anajibu, "Bado, Mama, usinipige." Wageni walishangaa. Watu wa boma walicheka kila mara kama hawajawahi kusikia. Mzee wa miaka sabini alikuwa na mama wa miaka kumi anayemkemea kwa kula haraka, na alipenda kukemewa.

Siku ya kwanza kazini alinipa sahani iliyovunjika nusu, imepakwa rangi tayari, na msumari. Msumari ule si wa kawaida. Ni spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe gumu, imeshikizwa kwenye kipande cha gunzi ili isikukate. Nikaanza ua langu la petali sita kwa mbwembwe. Petali ya tatu mkono ukateleza, mstari ukaruka nje kama mkia wa panya.

"Nifute na nini?" nikauliza.

"Jiwe halina raba, Mama."

"Basi nimeharibu."

Alichukua ile sahani, akaiweka kwenye goti, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Kosa likiwa moja ni kosa. Lirudie pande zote, litakuwa pambo."

Nikachora mkia wa panya kwenye petali zote sita. Ikawa nzuri kuliko nilivyokusudia. Kanuni hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko masomo yote niliyowahi kukaririshwa, na nawaachia nyinyi, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjaiamini.

Mengine ya kazi ni haya. Sahani ya waridi ni laini kuliko nyeupe, usiibonyeze. Ukiona mshipa wa kijivu ndani ya jiwe, uuzunguke, usiuvuke, maana jiwe litapasuka hapo siku ya mwisho ukiwa umebakiza mstari mmoja. Usichore ukiwa na njaa wala ukiwa umeshiba sana. Vumbi jeupe likikaa kwenye kucha, walimu watadhani umeiba chaki. Na msikae karibu na Shangazi Kemunto mkichora. Yeye ndiye mkuu wa karai, anasugua sahani huku anawasema watu, na maneno yake yanateleza kuliko mawe.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuja nikiwa darasa la sita. Mtu mmoja alitoka Nyamira kwa miguu, amebeba kipande cha ekee, kile kikapu cha kusukwa tunachoandalia ugali. Kilikuwa cha mama yake aliyekufa. Panya walikuwa wamekila, kikabaki kipande kama kiganja. Alitaka sahani ya jiwe yenye msuko ule ule, kikapu kizima, kama kilivyokuwa.

Sokoro akanitazama. "Mama, utaweza?"

Kipande cha kiganja hakikuambii kikapu kizima kilikuwaje. Nililala nacho siku tatu. Nilihesabu nyuzi, nikachora kwenye daftari, nikafuta, nikagundua kwamba kila safu ya tano nyuzi mbili zinapishana na kurudi nyuma hatua moja. Nilipojua hivyo, kilichobaki kilikuja chenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukingoni. Sijawahi kufurahi hivyo maishani. Sijui kama nitafurahi tena. Yule mtu alipokuja aliizungusha sahani mikononi akitafuta mahali ilipoanzia, hakupaona. Mvua ilikuwa inanyesha. Akavua koti lake, akaifunga sahani ndani, akaenda zake akilowa.

Shangazi Kemunto akasema, "Huyo hata asante hajui."

Sokoro akamwambia anyamaze, asugue.

Sasa nifike kwa Bwana Njiti. Hilo silo jina lake, ni jina tulilompa karaini. Alitoka Nairobi na pikapu nikiwa darasa la saba, mnunuzi anayepelekea maduka ya watalii. Wakati wote alikuwa na njiti ya kiberiti kwenye pembe ya mdomo, na akikagua sahani hufumba jicho moja nusu, kama kuku anayesinzia. Aliipitia kazi yetu yote, maua yangu, misuko yangu ya ekee, akairudisha chini.

"Hii ni mistari tu," akasema. "Mzungu anataka mnyama. Nichoreeni twiga."

"Twiga wa wapi?" Sokoro akauliza. "Huku kwetu mnyama mkubwa ni ng'ombe wa jirani, na huyo anakula migomba yangu."

"Mzee, mzungu hajui twiga anakaa wapi. Anajua yuko Afrika. Wewe chora."

Alituachia picha iliyokatwa kwenye kalenda. Sokoro aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema huyu ni mbuzi aliyevutwa. Lakini Bwana Njiti ndiye aliyekuwa ananunua mzigo mzima kwa mara moja, na hakuna mwingine aliyekuwa akifanya hivyo. Basi nikachora twiga.

Nilichora twiga kwa miaka miwili. Kama mtabahatika kuchora twiga kwenye kitu cha duara, shingo mfuatishe ukingo, la sivyo kichwa kitakosa pa kukaa. Miguu ipishane. Madoa yaanzie mgongoni. Najua twiga kuliko daktari wa mifugo na sijawahi kumwona hata mmoja. Nilipokwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Nyamira, nilikuwa narudi likizo na kukuta sahani zimepangwa ukutani kwa safu, nyeusi tii, zinanisubiri. Kurasa za nyuma za daftari zilianza kubaki nyeupe. Sikuona lini. Msasa hauvunjiki, mnajua. Unalainika kidogo kidogo, siku moja unasugua na hakuna kinachokwaruzika. Hivyo ndivyo raha yangu ilivyokwisha, na hakuna aliyeniambia, maana mkono ulikuwa bado unachora vizuri.

Mtoto aliyechoshwa hutafuta la kufanya. Likizo ya Desemba nilimchora twiga, nikamwekea njiti kwenye pembe ya mdomo. Nikamfumba jicho moja nusu. Nikamwongezea mikunjo miwili shingoni, ile ya kola ya Bwana Njiti iliyombana. Nikaitia sahani ndani ya karai la Shangazi Kemunto bila kusema kitu.

Alisugua ukingo mara mbili ndipo akaona. Alicheka mpaka akakaa ndani ya maji.

Sokoro akaja kuona kuna nini. Yeye hucheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Mabega yalipanda na kushuka, akaweka sahani chini kwanza ili asiivunje. "Mama," akasema, "huyu mnyama nimemwona mahali."

"Mwanangu, usimtaje, atakuja."

Akaja, wiki hiyo hiyo. Tulikuwa tumeificha ile sahani chini ya nyingine, akaipata. Tukashika pumzi. Akafumba jicho nusu, akahamisha njiti upande wa pili.

"Huyu anakula majani," akasema. "Huyu ndiye. Ana uhai. Nichoreeni sitini kama huyu."

Kerubo, ulikuwepo, ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo. Unakumbuka wiki zile. Mimi nachora Bwana Njiti, Shangazi anamwosha uso, Sokoro anapita akimsalimia, "Habari za Nairobi?" Kila sahani ilikuwa na kicheko chake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilikuwa naamka nikitaka kuchora. Shule zilipofunguliwa niliacha sitini kamili kwenye majani makavu ya mgomba, na Bwana Njiti akazichukua.

Nani alimwambia sijui. Kicheko kikikaa kijijini muda wote huo, siku moja lazima kipande gari.

Likizo ya Aprili alikuja Jumapili asubuhi. Hakusalimia. Aliteremsha makreti yenye sahani zote sitini, akatoa moja, akaishika kando ya uso wake mwenyewe. Hakuwa na njiti mdomoni siku hiyo, na bado alifanana.

"Nani amechora huyu?"

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye karai, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nasugua. Shangazi Kemunto, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa anaangalia migomba.

"Ni mimi," akasema Sokoro.

Bwana Njiti hakushangaa. Siku zote alidhani ni mzee anayechora, hakuwahi kuuliza na sisi hatukuwahi kusema. Nani angenunua sahani akijua zimechorwa na mtoto wa shule?

"Mzee mzima," akasema. "Nywele nyeupe. Mimi nakuletea kazi, wewe unanifanya mnyama. Duka zima Nairobi linanicheka. Huna adabu?"

"Nimekosa," akasema Sokoro. "Naomba unisamehe."

Hapo ningesema. Sikusema. Nilijiambia kwamba mzee anajua anachofanya, anamtuliza, ataondoka, jioni tutacheka.

Lakini Bwana Njiti hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa. Akachukua sahani moja nyeusi iliyokuwa ukutani na msumari uliokuwa juu ya jiwe, akaviweka mapajani mwa Sokoro.

"Nichoree twiga wa heshima. Hapa, nikiona."

Sokoro aliushika msumari. Akaukazia mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia ili kuutuliza. Halafu, kabla hajaanza, akainua macho akanitazama. Mara moja tu. Hakukonyeza, hakuomba, alinitazama tu kama mtu anayetazama mlango.

Mimi nikatazama maji. Yalikuwa meupe kwa vumbi la jiwe, sikuona hata mikono yangu.

Nikasikia msumari ukikwaruza. Mnaijua sauti yake ukienda vizuri, ni kama panzi. Huu ulikuwa unakwaruza na kuruka, unakwaruza na kuruka. Ilichukua muda mrefu. Nilipoinua kichwa, kulikuwa na shingo kwenye sahani, imepinda kama nyungunyungu aliyekanyagwa, na Sokoro alikuwa bado anahangaika na kichwa.

Bwana Njiti alimshika kifundo cha mkono, taratibu. Hasira ilikuwa imemtoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. "Kwa nini hukuniambia, mzee wangu? Pumzika. Nitatafuta wengine."

Akapanda pikapu akaenda. Makreti aliyaacha.

Sokoro alizifuta zile sahani sitini yeye mwenyewe. Hakuruhusu mtu amsaidie, hata Shangazi Kemunto. Kila asubuhi alikaa kwenye karai la wanawake, mwanamume pekee aliyewahi kukaa pale, akasugua uso mmoja baada ya mwingine mpaka jiwe likawa tupu. Nyingine zilikonda zikavunjika. Wapita njia walisimama kuona. Mimi nilimaliza likizo nikikata majani ya ng'ombe, nikarudi shuleni. Kila siku ya likizo ile nilikuwa nikipanga kumwambia, na kila siku nilimwamkia, nikamuuliza kama amenawa miguu. Alijibu, "Nimenawa." Sikugundua wakati ule kwamba hakuniita Mama.

Mwezi wa nane nilitumwa Kisii mjini kununua soksi za shule. Kwenye duka moja la vitu vya mawe, karibu na stendi, nikaona safu ya sahani dirishani. Twiga. Njiti mdomoni, jicho moja nusu, mikunjo miwili shingoni, wote sawasawa mpaka unywele wa mwisho. Niliingia nikauliza zinachorwaje. Mwenye duka akanionyesha bati la kopo la mafuta, limekatwa matundu kwa umbo la twiga wangu. Unaliweka juu ya sahani, unapitisha msumari kwenye matundu, umemaliza. Mtoto yeyote anaweza. Yanaletwa na mnunuzi wa Nairobi, akasema, wazungu wanampenda huyu twiga anayekula majani kuliko wote.

Nilirudi mbio na habari hiyo kama zawadi. Sokoro alikuwa amekaa nje, anamenya ndizi mbichi kwa kisu, kazi aliyobakiza. Nikamwambia yote. Nilimwigiza Bwana Njiti akijiuza dirishani mjini. Niliigiza vizuri, nasema kweli. Nilingoja mabega yake yapande.

"Basi alinifokea bure," akasema, akaendelea kumenya.

Nikakaa chini. Nikasema, "Sokoro, siku ile. Ulisema ni wewe. Nilinyamaza kwa sababu niliona umeamua kunificha."

Akamaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akaitia ndani ya maji.

"Sikuamua," akasema. "Nilikuwa nasubiri mama yangu aseme."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Kisha akachukua ndizi nyingine.

Kwa hiyo nimestaafu. Kerubo, msumari uko ndani ya kopo la kahawa, juu ya mlango wa jikoni. Gunzi limelegea, tafuta jipya. Bikari nimemrudishia mwenyewe. Kipande cha ekee nilikichora chote kwenye daftari la kijani, kiko mle, hesabu safu ya tano. Mwombe Sokoro akufundishe kwanza kwenye sahani iliyovunjika, na akikwambia kwamba kosa likirudiwa pande zote huwa pambo, mwitikie, ni kweli kwenye jiwe. Mimi lile langu nimelirudia tangu Aprili, asubuhi na jioni, kila nilipokaa naye nikanyamaza. Nimezunguka nalo mpaka nimefika nilipoanzia, na halijawa pambo.